Shajara ya Mradi: Kupima Toyota Crown ya Mtumba kwa Ajili ya Familia

Jumamosi, 7 Juni 2025

Leo nimeanza kazi niliyokuwa nikiiahirisha tangu mwezi wa tatu: kuandika tathmini ya gari moja la familia kwa ajili ya mtu anayenunua mtumba hapa Dar es Salaam, tathmini itakayotokana na magari niliyoyagusa na kuyaendesha mwenyewe, si na matangazo ya wauzaji. Gari nililolichagua ni Toyota Crown ya toleo la kumi na tatu, lile lililotoka Februari 2008 na kuendelea kutengenezwa hadi mwishoni mwa 2012. Sababu ya kulichagua imetoka nyumbani. Kaka yangu mkubwa ana mke na watoto wawili, anaishi na mama yetu ambaye magoti yake hayamruhusu tena kupanda Noah bila kushikwa mkono, na amekwisha kuamua kwamba atanunua Crown. Kilichobaki ni Crown ipi, na hapo ndipo tunapotofautiana: yeye anataka Athlete, aina yenye sura ya kimichezo, kama anavyotaka kila mtu mjini, nami nadhani gari linalomfaa ni Royal Saloon, ambalo vijana huliita gari la wazee.

Jina la Crown lipo tangu 1955, lakini kwa mnunuzi wa leo historia inayohusika ni fupi. Toleo lililotoka Desemba 2003 ndilo lililoachana na injini za JZ, zile za silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na kuingia kwenye V6 za jamii ya GR. Toleo la 2008 limeendelea na injini hizo: ya lita 2.5, inayoitwa 4GR-FSE, yenye nguvu za farasi 215. Ya lita 3.0, yenye 256. Na ya lita 3.5, iliyofungwa kwenye Athlete, yenye 315. Namba ya chesisi huanza na GRS200 ikiwa gari ni la lita 2.5 na linasukumwa na magurudumu ya nyuma, GRS201 ikiwa ni la lita hizohizo lakini linavuta kwa magurudumu yote manne, GRS202 kwa lita 3.0 na GRS204 kwa lita 3.5. Anayezijua tarakimu hizo hauziwi lita 2.5 kwa bei ya lita 3.5 eti kwa sababu mtu amebandika nembo nyuma ya buti.

Gari lina urefu wa milimita 4,870 na upana wa 1,795, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna milimita 2,850. Nimezipima kwa utepe kwenye maegesho ya nyumba ya kaka. Litaingia, ila geti litabidi lifunguliwe mabawa yote mawili.

Jumamosi, 14 Juni

Gari la kwanza: Athlete ya 2010, lita 2.5, nyeupe, katika yadi moja Kinondoni. Dalali alitupokea kwa maneno ambayo nadhani hufundishwa mahali fulani: "Kaka, hii ngoma imetulia. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Kijapani, safari yake ni hospitali na kurudi." Dashibodi ilisoma kilomita 68,000 na ushei.

Niliomba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi inayoandikwa gari linapopigwa mnada Japani, nikaonyeshwa picha kwenye simu ambayo sehemu ya juu ilikuwa imekatwa. Niliandika namba ya chesisi, na jioni nikalipia nakala kamili kwa watu wanaofanya kazi ya kuzitafuta. Karatasi hiyo inasema kilomita 128,000, na daraja lake ni R, maana yake gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Hata asiyejua Kijapani anaweza kuisoma, kwa sababu mchoro wa gari ulio pembeni hutumia herufi za kawaida: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mawimbi yanayobaki baada ya bodi kunyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Hapa kulikuwa na XX kwenye fenda ya mbele kulia na W kwenye mlango unaoifuata. Nilirudi na sumaku ndogo ya mlango wa friji. Kwenye fenda ilishika, lakini kwenye mlango ilishika juu na kuanguka kila nilipoishusha chini ya kitasa, kwa sababu hapo kulikuwa na puti, ile lipu ya kuziba mabonyeo ya bodi.

Kuna dalili nyingine za kilomita zilizorudishwa ambazo hazihitaji karatasi. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika upande wa kulia hadi ikang'aa, na ngozi ya usukani ilikuwa laini kama kiganja pale kidole gumba kinapokaa. Gari lililosafiri kilomita 68,000 halifiki huko. Lebo zilizoshonwa chini ya mikanda ya viti huonyesha mwaka uliotengenezwa, na ni vizuri kuzitazama zote, kwa sababu mkanda wa mwaka tofauti na wenzake una habari ya kueleza.

Kilichonikera zaidi ni kwamba gari hilo lilikuwa limenyanyuliwa kwa spesa. Naelewa kwa nini watu hufanya hivyo: Crown iko chini, na matuta ya mitaani kwetu hujengwa na wananchi wenye hasira. Lakini mbele ya gari hili kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, iliyopangiwa pembe yake. Ukiweka kipande cha raba juu ya springi, mikono inainama kuliko ilivyokusudiwa, boljointi na bushi, yaani viungio vya mikono hiyo na raba zake, zinafanya kazi zikiwa zimejipinda, na alaimenti haikai. Tulizunguka nalo mtaa mmoja tu. Juu ya tuta lilitoa mlio wa kitanda cha zamani. Athlete huja na matairi ya 225/45 kwenye rimu za inchi 18, yaani ubavu wa tairi una sentimita kumi tu, kwa hiyo kila shimo huingia moja kwa moja hadi kwenye kiti. Kaka alisema ni suala la barabara. Nami nilimjibu kwamba barabara ndizo hizihizi tutakazoendelea kuzitumia.

Alhamisi, 19 Juni

Kodi. Kaka aliuliza kwa nini asiagize Japani moja kwa moja, kwa hiyo nilikaa na jedwali la TRA, mamlaka ya mapato. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000, kisha inaongezwa asilimia 30 kwa gari lililozidi umri wa miaka kumi, na VAT ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya hayo yote. Magari ya toleo hili yote yamevuka miaka kumi. Ukipiga hesabu utaona kwamba lililokwisha kusajiliwa nchini na kutunzwa vizuri ni nafuu kuliko linaloshuka melini leo. Kwa jirani zetu wa Kenya mjadala haupo kabisa, maana huko gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia. Wao hununua yale yaliyoingia zamani.

Jumamosi, 21 Juni

Gari la pili, na nakiri mapema kwamba nimelipenda. Royal Saloon ya 2010, GRS200, namba ya usajili ya herufi D, mali ya mwalimu mstaafu wa Tabata ambaye ndiye aliyelitumia peke yake tangu lilipoingia nchini mwaka 2017. Nilimwomba asiliwashe kabla sijafika. Tulipokwisha kuamkiana, shikamoo na marahaba, niliweka kiganja juu ya boneti, na kweli ilikuwa baridi. Injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika huwa imekwisha kumeza nusu ya maradhi yake.

Mzee alileta daftari la kaunta lenye jalada jeusi. Ndani yake, kwa mwandiko wa ubaoni, kuna tarehe ya kila oili iliyomwagwa, kilomita zilizosomeka siku hiyo, na jina la fundi. Kati ya oili na oili hazizidi kilomita 5,000. Ukurasa mmoja una maneno "Fundi amesema plagi bado nzima, nimezitazama, si kweli", na chini yake risiti ya plagi sita imebanwa kwa pini.

Aliwasha. Kwanza ilisikika ile sauti ya mwanamke wa Kijapani ambayo wakazi wa mji huu wameizoea kuliko saa ya kuamshia. Anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Kisha injini ikatulia. Niliweka chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya kifuniko cha injini nikaitazama kwa dakika tatu. Maji yalikuwa na mduara mmoja mdogo katikati, wala hayakucheza.

Jaribio hilo la chupa si la mapambo. Injini ya 4GR-FSE hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti kamwe juu ya valvu za kuingiza hewa na kuziosha. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye mfumo wa hewa hukauka juu ya valvu hizo na kuwa masizi magumu, na yakishakuwa mengi injini huanza kutikisika gari likiwa limesimama kwenye taa, kisha inamisi, yaani silinda moja moja inakosa kuwaka, na mwishowe taa ya injini inawaka kwa namba kati ya P0300 na P0306. Injini hiyohiyo ilifungwa kwenye Lexus IS250, na wenye magari hayo Marekani walilalamikia jambo hilohilo. Ile ya lita 3.5 imeepuka kwa sababu ina nozeli za aina mbili, nyingine zikipuliza kabla ya valvu. Hata hivyo anayenunua ya lita 3.5 asiondoke bila kuitafuta namba yake ya chesisi kwenye ukurasa wa Toyota wa magari yaliyoitwa kurekebishwa, kwani mwaka 2010 kampuni iliita baadhi ya Lexus na Crown kwa sababu ya springi za valvu.

Tulikwenda gereji. Mashine ya kupimia haikukuta namba yoyote, na nilihakikisha kwamba betri haikuwa imechomolewa karibuni, kwa kuwa huo ndio ujanja wa kufuta kumbukumbu. Fundi wangu aliingiza kidole kwenye ekzosi kikatoka na masizi makavu. Yangekuwa na ute wa oili ningeaga. Aliponyanyua gari kwa jeki ndipo palipoonekana dosari mbili. Chini ya pampu ya maji kulikuwa na ukoko wa rangi ya waridi, kama chumvi iliyoganda, ambao ni maji ya rejeta ya Toyota yaliyovuja tone kwa tone na kukauka. Ni ugonjwa unaojulikana wa injini za GR. Kwa namna fulani ukoko huo ulinifurahisha, kwa sababu ulithibitisha kwamba mzee ameendelea kuweka maji yanayotakiwa badala ya maji ya bomba, ambayo huila rejeta kwa ndani. Dosari ya pili ni bushi za mkono wa chini wa kushoto, zilizopasuka.

Nilibishana kidogo na fundi kuhusu giaboksi. Alisema giaboksi hii "imefungwa kiwandani, haiguswi." Ni kweli kwamba ile ya gia sita haina kijiti cha kupimia, lakini ina tundu la kujazia na tundu la kupimia, na mafuta yake, ATF WS, hupimwa gari likiwa tambarare, injini ikiwaka, mafuta yakiwa yamefika joto lililowekwa, yanayozidi humwagika yenyewe. Katika daftari la mzee hakuna mahali yalipobadilishwa. Nimeliandika kama deni la gari.

Jumapili, 29 Juni

Siku ya mama. Mzee wa Tabata alikubali tulilete gari nyumbani, naye akaja nalo akanywa chai.

Mama aliingia kwa namna yake: aligeuka akakipa kiti mgongo, akashika nguzo ya mlango, akaketi, kisha akaingiza mguu mmoja baada ya mwingine. Kwenye Noah hupanda. Hapa aliketi tu. Alikaa mbele dakika arobaini tukizunguka Segerea na Kinyerezi, na aliposhuka alisimama bila kusubiri goti likubali. Alichosema ni kwamba kiti hakimsukumi. Tairi za gari hili ni 215/60 kwenye rimu za inchi 16, ubavu wake unakaribia sentimita kumi na tatu, na tofauti na Athlete ya Kinondoni haikuhitaji kuelezwa na mimi.

Nyuma hali si ya kusifia kote. Kwa kuwa gari husukumwa na magurudumu ya nyuma, shafti inapita chini ya sakafu ndani ya mgongo mrefu, na anayekaa katikati hana pa kuweka miguu isipokuwa kuitanua kwenye nafasi ya wenzake. Shemeji, yaani mke wa kaka, alikaa hapo kati ya watoto wake wawili na kutangaza kwamba atakubali hadi Kibaha, Moshi hapana. Familia ya watu watano warefu nisingeishauri Crown. Buti ni pana, lakini mdomo wake uko juu, na ndoo ya lita ishirini iliyojaa inatakiwa kubebwa na mtu mwenye kiuno kizima.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba

Safari ya Morogoro. Mzee alikuwa na nia ya kwenda kumtazama binti yake huko, nasi tulitaka gari liendeshwe kwa mwendo wa safari, kwa hiyo tuliondoka pamoja saa kumi na moja alfajiri baada ya kujaza tangi, ambalo huchukua lita 71, hadi bomba lilipojikata.

Barabara pana ya Kimara hadi Kibaha haikulipa gari kazi yoyote. Baada ya Mlandizi lami ina mabonde yaliyochimbwa na malori, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Crown ya aina hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokaa nyuma wakisoma magazeti: bonde unalisikia, lakini hulipati. Mwili wa gari hupanda na kushuka mara moja na kutulia. Kwenye vijiji tulishuka hadi 50 kwa heshima ya tochi za trafiki za kupimia mwendo, na gari halikunung'unika kurudi kwenye mwendo wake. Mzee, aliyekuwa nyuma kushoto, alilala kabla ya Chalinze. Hilo nimeliandika kama kipimo, tena kuliko vipimo vingine vyote.

Kasoro: kati ya kilomita 85 na 95 kwa saa usukani hutetemeka kidogo, ila ukikanyaga breki mtetemo hauongezeki, kwa hiyo ninashuku balansi ya matairi na si diski. Ile bushi ya kushoto hugonga mara moja kila unapopanda ukingo wa lami. Redio ni ya masafa ya Japani, 76 hadi 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa hazipatikani bila kufunga kifaa kidogo cha kuzishusha, na ramani ya kwenye skrini ingali ikiamini kwamba tuko baharini.

Msamvu tulijaza tena. Tulikuwa tumetembea kilomita 196 kwa lita 17.6, yaani kama kilomita 11 kwa lita. Mjini, kwa wiki mbili za daftari la mzee nilizozipigia hesabu, ni 6.8, na kwenye foleni ya Buguruni saa kumi na moja jioni bila shaka hushuka zaidi. Injini hii ina mgandamizo wa 12 kwa 1 na toleo hili lilipotoka 2008 Japani iliandikiwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kiwango chao ni oktani 96 au zaidi. Ikipewa ya chini hujirekebisha kwa kuchelewesha cheche, na unachopoteza ni nguvu na kilomita. Sikuisikia injini ikigonga kwenye milima midogo ya Ubena.

Alhamisi, 10 Julai

Gerezani, Kariakoo, kuulizia spea. Habari ni njema kwa vitu vya injini, kwa sababu 4GR-FSE ndiyo iliyofungwa pia kwenye Mark X za lita 2.5, na Mark X zimejaa nchini: pampu ya maji, koili, sensa na plagi zote zipo, mpya na za mtumba. Vitu vya Crown peke yake ndivyo vinavyouma. Taa za mbele na paneli ya kiyoyozi hutajwa bei huku muuzaji akiangalia pembeni, na vioo vya ubavuni ni vilevile vinavyoibwa usiku na kuuzwa asubuhi kwa mwenyewe.

Jumamosi, 12 Julai

Kikao. Kaka aliomba aendeshe Athlete nyingine, ya rafiki yake, ambayo haina spesa na imetunzwa. Niliona ni haki. Ni gari zuri, na kona hulikuta limejiandaa; mtu asiye na mama wa kumpeleka kliniki alinunue bila kunisikiliza. Lakini tulipopita njia ileile ya Segerea mama alijishika kwenye mpini wa juu ya mlango mara nne, na kaka alikuwa akihesabu, ingawa hakusema.

Mwalimu alikuwa ametaja bei yake. Nilimwekea mezani pampu, bushi, mafuta ya giaboksi na balansi, naye akayaangalia kama mtihani wa mwanafunzi, akapunguza milioni moja na nusu. Tulikagua kadi ya gari, tukalinganisha namba ya chesisi iliyochongwa na iliyoandikwa, na tukaingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani kuona faini. Kulikuwa na moja ya mwendo, ya Vigwaza, ya tarehe 7 Julai. Dereva siku hiyo alikuwa mimi, na nimeilipa.

Jumamosi, 26 Julai

Kazi za gereji zimekamilika. Pampu imebadilishwa pamoja na mkanda wake, na maji yaliyotoka kwenye rejeta yalikuwa ya waridi bado, bila tope. Mafuta ya giaboksi yalitoka kahawia iliyokolea, si meusi. Tumeweka mapya na kupima kwa tundu, na fundi aliyesema haiguswi ndiye aliyeshika taa. Bushi zimefungwa pande zote mbili, kwa kuwa kubadilisha upande mmoja ni kujipangia miadi mingine. Mtetemo wa usukani umekwisha kwa balansi. Dashibodi inasoma 143,206, na mafuta ya injini yatamwagwa ikifika 148,000.

Daftari la kaunta limekabidhiwa pamoja na funguo. Ukurasa wa kwanza wa mwandiko wa kaka una tarehe, kilomita, kiasi cha petroli, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, swali analotaka nimjibu: rimu za Athlete za inchi 18 zinapatikana kwa bei gani Gerezani. Nimeufungua ukurasa unaofuata nikaandika upepo wa matairi, 33 mbele na 33 nyuma.